Mwenye Kasiksi Aliyewekwa Jikoni

Ukitaka kumpata Perpétue Mukamazimpaka katika mtaa wa Majengo, usiulize jina. Uliza wapi wanauza kasiksi isiyoumiza kichwa. Utaelekezwa kwenye nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi ya volkano, na hapo utamkuta mama aliyevuka miaka sitini, mwembamba, kilemba amekifunga kwa kukaza, anagombana na ndizi. Ndizi anazisema kama watu. Zinazochelewa kuiva anaziita vivu. Zinazoiva kabla ya wenzao anaziambia, "Ninyi muna haraka ya kuolewa, mutajuta."

Kasiksi ni pombe ya ndizi, na watu wa Masisi na Rutshuru hawafanyi sherehe bila hiyo. Kule milimani huchimba shimo, wakazilaza ndizi humo na majani mpaka ziive. Goma nani atachimba shimo? Ukipiga jembe chini, jembe ndilo linavunjika. Perpétue ametengeneza uchaga juu ya mafiga yake, anazipanga ndizi pale, anazifunika kwa majani ya mgomba na magunia, moshi unaziivisha polepole. Zikiiva anazimenya, anazikanda na nyasi mpaka maji yatoke, anachuja, anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika, anasubiri. Wakati wa kusubiri hataki mtu apige kelele karibu na pipa. Anasema pombe ikishtuka inakuwa chachu. Hakuna anayejua kama ni kweli, lakini watoto wa jirani hucheza mbali.

Jioni, redio ya jirani inapoanza kusoma habari, anafuta mikono, anatoa kidonge, anakitazama kidogo na kusema, "Muchumba wangu, umefika." Kisha anakimeza na uji. Mchumba huyo hajawahi kumwangusha. Yule wa kwanza, wa kanisani mwenye pete, ndiye aliyemwangusha.

Mume wake aliitwa Jean de Dieu, dereva wa lori la samaki, kutoka Vitshumbi mpaka Goma na kurudi. Alikuwa mtu mzuri wa kuongea, mwenye kicheko kikubwa, na kila mahali lori liliposimama alikuwa na mtu wa kumpikia, na si kumpikia tu. Alikonda, akakohoa, akafa. Ndugu zake wakasema amerogwa. Perpétue alipopimwa, akakutwa na virusi vya ukimwi, wakasema basi ni yeye aliyemwua. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Mwanamume akifa na ugonjwa huo, alirogwa. Mwanamke akibaki hai nao, yeye ni muuaji, na kila siku anayoishi ni ushahidi dhidi yake.

Nyumba ya mtaa wa Katindo, aliyoijenga Perpétue kwa mikono yake mumewe akiwa barabarani, ilichukuliwa na shemeji yake Munyakazi, mdogo wa marehemu. Munyakazi alisema nyumba ni ya ukoo. Ukoo ukawa ni yeye. Mkewe Valérie akamtengea Perpétue kikombe cha plastiki, akakitundika kwenye msumari nje ya jikoni, asiguse vingine. Perpétue alikivumilia kile kikombe kwa muda, kisha siku moja akakiacha palepale kwenye msumari, akambeba mjukuu wake mgongoni, akaenda zake Majengo.

Mjukuu huyo ni Munezero. Baba yake, Rémy, mtoto pekee wa Perpétue, alipigwa risasi kwenye barabara ya Rutshuru. Mama yake alienda Kampala kutafuta maisha na hakurudi. Munezero alibaki na koko yake, maana huko Goma bibi huitwa koko. Alilelewa na moshi wa ndizi, akasomeshwa na kasiksi, akawa msichana mrefu mwenye sauti ya chini, mshonaji wa nguo. Kuhusu ugonjwa wa koko yake alijua tangu akiwa mdogo. Alikatazwa kumwambia mtu.

Usifikiri Perpétue aliishi kwa machozi. Alilia, ndiyo, mwanzoni alilia mpaka akachoka na sauti yake mwenyewe. Baadaye akapata wenzake. Kwenye kituo cha afya anachochukulia dawa kuna kikundi cha wazee, watu wenye mvi na virusi, wanaokaa pamoja chini ya hema ya zamani kila mara siku ya dawa inapofika. Vijana wana kikundi chao, nao hufundishwa mambo ya kuchumbiana na kuzaa. Wazee walisahauliwa, kama kwamba mtu akishazeeka haumii tena. Basi wakajifundisha wenyewe. Kazi yao ni kuongea. Mtu anasimama, anaeleza jambo lililomchoma tangu walipoonana, na anaeleza pia alipitaje. Haruhusiwi kuishia kwenye lililomchoma. Akiishia hapo, wenzake wanapiga makofi na kuimba, "Ukapitaje? Ukapitaje?" mpaka aseme, hata kama alipita kwa kwenda kulala tu. Na asiyeonekana siku hiyo, wanamfuata nyumbani kwake.

Mwenye mdomo mkubwa kuliko wote pale ni Papa Nsanzimana, mgane, zamani alisukuma tshukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao, akiteremsha viazi kutoka Kibumba. Magoti yake yameharibika, maneno yake bado. Volkano ilipolipuka na watu wote wakakimbilia Sake usiku kucha, ndiye aliyekuwa akipita kati ya watu barabarani akiita, "Wachumba muko nao? Hamujawaacha nyumbani?" na wenzake wakagusa vidonge vyao viunoni na kucheka huku moto unaonekana nyuma. Na vita vilipoingia mjini ule mwezi wa kwanza, kituo kikafungwa, maiti barabarani, ni yeye aliyetoa kopo lake la akiba na kuwagawia waliokuwa karibu, akisema, "Kula, lakini kopo nitalidai hata mbinguni." Perpétue alipona mabomu na alipona hofu ya kukosa dawa. Akaanza kufikiri kwamba hakuna tena kitu cha kumtisha.

Kisha Munezero akapata mchumba.

Kijana huyo anaitwa Dieudonné, fundi seremala, familia yake ni ya milima ya Masisi. Vita viliwafukuza, wakakaa Kanyaruchinya kwenye kambi, kisha wakapanga nyumba mjini. Watu wa heshima na wa ng'ombe, ingawa ng'ombe wenyewe walibaki kwenye hadithi. Wakatuma habari kwamba wanataka kuja kuomba binti na kutoa mahari. Na kwa desturi, binti huombwa kwa ukoo wa baba yake. Maana yake: katika nyumba ya Katindo. Maana yake: kwa Munyakazi.

Munyakazi alikuja Majengo mwenyewe, suti ya kahawia, viatu akivifuta kila baada ya jiwe. Hakukubali kiti, wala hakukubali kasiksi.

"Shemeji," alisema, "tutahitaji pombe. Vyungu vikubwa. Hakuna mutu Goma anapika kama wewe, hilo hata adui anakubali."

"Nitapika," alisema Perpétue. "Munezero ni mutoto wangu. Nitapika, na nitakaa pale nionje kwanza mbele ya wageni."

Hapo Munyakazi akakohoa. Kwa watu hao, pombe ya chungu hainywewi hivihivi. Aliyeipika ndiye hutangulia, anainama juu ya chungu mbele ya wote, anavuta kwa mrija, anameza. Hapo mgeni anajua hakuna sumu. Ndipo mirija inapita kutoka mdomo hadi mdomo, na waliokunywa hivyo wamekuwa ndugu.

"Hiyo kuonja ataonja Valérie," alisema Munyakazi.

"Valérie hajawahi hata kumenya ndizi."

"Shemeji, usinifanye niseme maneno. Unajua hali yako. Mrija ukitoka kwako, uende kwa wazee wa watu? Siku wakijua, watasema tuliwaua. Watasema hata binti anao. Utaharibu ndoa ya mutoto kwa sababu ya kiti?"

Perpétue alimjua shemeji yake. Angeweza kumjibu kwamba virusi havipiti kwenye mrija, na kwamba wauguzi wameitazama damu yake mara nyingi na wakamwambia vimelala, havionekani hata kwa mashine. Lakini Munyakazi alikuwa amesema lile neno moja, ndoa ya mutoto, na lile likampata pabaya. Alitazama mafiga yake.

"Nitakaa wapi?"

"Jikoni. Utasimamia vyungu. Na ukiulizwa, wewe ni jirani tu, umekuja kusaidia."

Alikubali. Wageni wa mahari watakaa mbele, watamwomba Munezero kwa watu ambao hawakuwahi kumwosha uso, na yeye aliyemlea atakuwa jirani. Munyakazi alipoondoka, Perpétue alipiga ndizi moja kofi. Ilikuwa imeiva vizuri, haikuwa na kosa.

Kwenye kikundi alisimama na kueleza yote. Wakaimba, "Ukapitaje?" Akasema, "Sijapita. Ningali humo ndani."

"Mimi ningekubali," alisema mama mmoja, Jolie, anayeuza makaa. "Mutoto akisha kuolewa, utajivunia kwa siri. Kwani siri tumeanza leo?"

"Wewe, Jolie, unakubali kila kitu, ndiyo maana hata kuku wako wanalala kitandani," alisema Papa Nsanzimana. Akamgeukia Perpétue. "Mama, virusi vyako vimelala kuliko Munyakazi kanisani. Umetoka kwenye moto, umetoka kwenye bomu, leo unaenda kukaa jikoni kama sufuria?"

"Papa Nsanzimana, wewe huna mutoto wa kuoza."

"Sina. Ningekuwa naye, ningemkalia mbele hata na magoti haya."

"Basi kaa kimya. Ni rahisi kuwa shujaa kwenye sherehe ya mutu mwingine."

Mzee alifunga mdomo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Ni kweli, mama. Ukipita au usipopita, siku ya dawa tutakuona hapa." Akamsogezea karanga zake zilizobaki. Perpétue alizila zote, akiwa bado amekasirika.

Alipika kasiksi ile kwa namna ambayo hajawahi kupika. Watu wengine wakiwa na uchungu, mikono yao inalegea. Yeye mikono yake inakaza. Alinunua vyungu vipya, alichagua mirija mirefu mmojammoja, akaichemsha, akaianika. Munezero, ambaye hakuambiwa mpango wa jikoni, alikuja kumkumbatia kwa nyuma wakati koko yake anachuja, akamwuliza kuhusu mushanana, vazi la sherehe linalofungwa begani.

"Koko, utavaa mushanana gani? Ule wa bluu?"

"Nitavaa kitenge. Mushanana unabana."

"Haujawahi kukubana."

"Nimenenepa," alisema Perpétue, mifupa yake yote ikionekana. Munezero alicheka, akafikiri ni mzaha.

Siku ilipofika, uwanja wa nyumba ya Katindo ulijaa viti vya plastiki. Upande huu ukoo wa Munyakazi, upande ule wageni wa Masisi, kofia zao na fimbo zao, na mbele yao mama mmoja mzee mnene, shangazi wa babake Dieudonné, aliyeitwa Uwingabire. Macho yake yalikuwa madogo na hayakupitwa na kitu. Nyuma ya nyumba, katika jiko la mbao lenye nyufa, Perpétue alikaa na vyungu. Kupitia ufa alimwona kila mtu. Alimwona Valérie amevaa mushanana wa dhahabu, amekalia kiti ambacho Perpétue alikinunua kwa samaki wa Vitshumbi.

Wasemaji walianza mchezo wao. Msemaji wa wageni alisema wamepotelewa na ndama, wakafuata nyayo, zikawafikisha hapa. Msemaji wa wenyeji akasema hapa hakuna ndama, kuna mbuzi tu, tena mwenye pembe. Watu walicheka. Perpétue naye alicheka kule jikoni, mkono mdomoni. Vyungu vikapelekwa, mirija ikachomekwa, povu likapanda jeupe, na harufu ikatembea uwanja mzima. Wazee wa Masisi walijisogeza kwenye viti bila kutaka kuonekana wanajisogeza.

Hapo Munyakazi akashindwa kuzuia ulimi wake. Mtu mwenye majivuno hawezi kuona watu wanasifia kitu bila kukivuta upande wake.

"Wageni wetu," alisema akiwa amesimama, "pombe hii si ya kununua barabarani. Hii ni kasiksi ya Majengo, Goma yote inaijua. Imepikwa na koko ya binti mwenyewe!"

"Ooo!" wakasema wageni. Valérie akamvuta koti, lakini neno likawa limetoka. Akainama haraka juu ya chungu, akavuta mrija, akameza, akajifuta.

"Karibuni sasa," alisema.

Hakuna aliyesogea. Uwingabire alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo lake.

"Mama," alimwuliza Valérie, "wewe njo koko ya binti?"

"Hapana. Mimi ni mke wa babu yake mudogo."

"Aliyepika yuko wapi? Kwetu aliyepika ndiye anatangulia. Kwenu hapa ni mwingine?"

"Ni mugonjwa," alidakia Munyakazi. "Mugonjwa sana. Amelala kwake, hawezi hata kusimama."

Mzee mmoja wa Masisi, aliyekuwa ametoka kwenda msalani na kurudi, alisafisha koo. "Niliona mama mwenye umri huko jikoni. Alikuwa anabeba chungu peke yake. Nikamsalimu kwa Kinyarwanda, nikamwuliza kasiksi hii ni ya nani, akasema ni yake, kisha akashtuka, akasema hapana, yeye ni jirani."

Ni kweli, Perpétue aliteleza. Kwa maisha yake yote hajaweza kuikana kasiksi yake.

Watu wa nchi ile wamezikwa sana kwa sababu ya vikombe vya sumu, au wanaamini hivyo, na ni sawasawa tu. Koko wa binti yupo, ana nguvu, amepika, na hataki kuonja. Amefichwa. Mwingine ameonja kijuujuu, na amejifuta. Msemaji wa wageni aliuchukua mrija uliokuwa mbele yake, akauchomoa kwenye chungu, akaulaza chini kwenye majani. Mwingine akafanya vilevile. Mtu akachukua kofia yake. Dieudonné, kati ya jamaa zake, aligeuka rangi.

"Hatusemi neno baya," alisema msemaji. "Tunasema tu tutarudi siku nyingine. Tutakuwa tumefikiri."

Kila mtu pale alijua kwamba siku nyingine haipo.

Mlango wa jiko ulifunguliwa, akaingia Munezero na mushanana wake wa sherehe, amekimbia kutoka chumbani. Alitazama jiko lenye moshi, alitazama kitenge cha koko yake, akaelewa yote mara moja.

"Kumbe njo maana ya kitenge."

"Rudi ndani. Utanuka moshi."

"Walikuambia ukae hapa? Na ukakubali?" Machozi yalikuwa yanaharibu poda yake. "Koko, sikiliza. Wakitaka kwenda, waende. Usitoke kwa sababu yangu. Usiseme kitu chako mbele ya watu hawa. Nitaendelea kushona, tutaendelea kuishi. Mimi sijashindwa."

Perpétue alimtazama mtoto huyu. Alikuwa yuko tayari kuipoteza ndoa ili siri ya koko yake isitoke. Ilimpendeza sana, na ilimuudhi vilevile. Nje alisikia sauti ya mwanamke mgeni ikinong'ona karibu na ukuta wa mbao, "Hawa ni watu wa sumu. Mwone aliyepika anavyojificha."

Basi hapo ndipo alipovua kitambaa cha jikoni.

"Munezero," alisema, "ukimwi nimeuzoea. Wameniita hivyo miaka na miaka. Lakini kasiksi yangu kuitwa sumu! Hiyo hapana. Futa uso."

Alitoka akiwa na kitenge chake chenye majivu. Alipita mbele ya Munyakazi, ambaye alinyoosha mkono kama mtu anayezuia gari, na gari likapita. Hakwenda kwenye viti. Alipiga magoti mbele ya chungu kikubwa, akachagua mrija, akavuta. Alivuta kwa muda mrefu, macho wazi, huku anamtazama Uwingabire. Povu lilishuka. Alipomaliza hakujifuta.

"Mimi ni Perpétue, mama wa Rémy aliyemzaa binti huyu," alisema. "Kasiksi ni yangu. Sumu hakuna. Virusi ndiyo viko, vya ukimwi, na viko ndani ya damu yangu, si ndani ya chungu. Mume wangu aliniachia kabla hajafa. Ninakunywa dawa, na wauguzi wanasema vimelala. Haviendi kwa mutu kwa mrija, wala kwa kijiko, wala kwa kitanda. Binti huyu nimekula naye sahani moja tangu hana meno, naye ni mzima. Waliniweka jikoni wakiogopa mutakimbia. Basi mumeambiwa. Kama ni kukimbia, kimbieni kwa sababu hiyo, maana ni ya kweli. Musikimbie kwa sababu ya pombe. Pombe ni nzuri."

Mtu mmoja upande wa wageni alisema, "Yesu." Valérie alifunika uso kwa mushanana wake. Munyakazi alikaa.

Uwingabire hakuondoa macho kwake. "Tangu lini, mama?"

"Tangu huyu Munezero hajazaliwa."

"Na bado unakamua ndizi mwenyewe?"

"Nakamua ndizi. Zinakubali kukamuliwa, si kama mashemeji."

Ilianza kama kikohozi kwenye koo la mama yule mnene, kisha tumbo lake lote likatikisika. Alicheka mpaka kiti kikalia. "Nina sukari," alisema akipangusa macho, "nina presha, nina goti hili ambalo liko na wazimu wake. Wakwe zangu wananificha nisile keki. Hata mimi siku moja watanitia jikoni!" Akamsukuma kidogo aliyekaa kando yake, akainuka kwa shida, akaja mpaka kwenye chungu. "Nipe."

"Chagua mrija mwingine, mama. Iko mingi, nimeichemsha."

"Nimesema nipe huo."

Alivuta kutoka mrija uleule. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. "Wee," alisema mwishoni, "na tulikuwa tunaenda kuacha hii kwa Munyakazi?"

Baada yake alikuja Dieudonné, ambaye hakuitwa na mtu. Alipiga magoti, akanywa, akasema, "Koko, asante," na kule mlangoni pa jiko Munezero akafunika uso kwa mikono yake yote miwili. Kisha wakaja wazee, mmoja, na mwingine. Si wote. Msemaji wa wageni alisema tumbo lake haliendani na ndizi, akaomba chupa ya bia. Yule mwanamke aliyenong'ona karibu na ukuta alibaki na Fanta mpaka mwisho na hakumtazama Perpétue hata mara moja. Perpétue aliwaona. Hakuwahesabu, lakini aliwaona, na iliuma kidogo, kama jiwe dogo kwenye kiatu. Mtu anatembea nalo.

Munyakazi hakuomba msamaha. Alianza kuongea na watu kuhusu bei ya mbao. Watu wa namna yake huharibu, kisha hugeuka upande mwingine na kungoja wengine wasahau.

Uwingabire aliagiza kiti. Alielekeza kwa fimbo kiti kile alichokuwa amekalia Valérie, na Valérie akasimama. Perpétue alipangusa majivu kwenye kitenge chake na kukaa. Mgongo wake ulikijua kile kiti. Msemaji wa wageni alishusha chupa, akasimama tena, akamgeukia Munyakazi kama desturi inavyotaka, akafungua mdomo.

"Si huko," alisema Uwingabire. "Huku."

Msemaji akazunguka. Alisahau maneno yake ya ndama na nyayo. "Mama," alisema, "sisi... tumekuja kuomba binti yako."

Uwanja wote ulimngoja. Perpétue hakuwa na haraka. Kwa miaka mingi hakuna mtu wa ukoo wa mumewe aliyemwomba kitu isipokuwa pombe. Alimtazama msemaji tangu kofia mpaka viatu.

"Binti yangu hajui kuamka mapema," alisema. "Hilo niliseme mapema, musije mukanirudishia. Na mutu wake anajua kuchota maji?"

"Anajua, mama," alisema msemaji.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza yeye. Dieudonné, foleni ya bomba unaijua?"

"Ninaijua, koko. Na ndoo ninayo."

"Ngapi?"

Watu wakaanza kucheka, na Dieudonné akaanza kujibu, na Munezero akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba jamani, inatosha, lakini Perpétue aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa bado ana maswali mengi, na safari hii hakuna mtu aliyeweza kumwambia arudi jikoni.